Pasaka ndani ya fleti na watoto watatu, masika hii tunafanyaje?

MamaBaraka_Michenzani

Habari za humu jamani. Nnaomba mawazo khasa kwa wenye watoto wadogo. Idi imepita juzi juzi tu na wanangu wameiona yote, wenzao wa jengo letu wamevaa mapya, wamepita mlango kwa mlango kuchukua mkono wa Idi (na wangu walipita nao, mkubwa karudi na mfuko wa suruali unalia sarafu), jioni wakaenda Mnazi Mmoja na Kariakoo ya hapa hapa Unguja kwenye mabembea, maputo, aiskrimu, kila kitu. Sasa jana huyu wa kati ananiuliza mama, skukuu yetu sisi lini? Nikamwambia Pasaka, tarehe 5 mwezi wa nne. Akaniangalia akasema "ile ya kwenda kanisani halafu kulala?"

Nimecheka lakini imeniingia, maana ndo ukweli wenyewe. Ijumaa Kuu kanisani, Jumapili kanisani, tunarudi tunakula pilau, watu wazima wanajinyoosha na watoto wanabaki kwenye tivii. Baba yao anafanya kazi hoteli huko Nungwi na Pasaka ndo wageni wa kutoka Dar wanajaa, kwahiyo yupo shifti mpaka Jumapili usiku, tutamuona Jumatatu asubuhi. Tena yeye ndo kawatia wazimu, kawahadithia kwamba pale hotelini watoto wa wageni wanafichiwa mayai ya chokoleti kwenye bustani wanayatafuta na vikapu, sasa wangu nao wanataka. Chokoleti nimeulizia dukani, bei utadhani dhahabu, na kwa joto hili ukiificha saa moja unaikuta uji.

Tunakaa fleti, hatuna uwanja, tuna korido na kibaraza cha kuanikia nguo basi. Na masika ndo hiyo inaingia. Watoto wana miaka 9, 6 na 3. Nnataka vitu vya ndani, visiwe na gharama, na nnataka wajue kwanini tunasherehekea, isiwe mchezo mtupu. Karibuni.

BibiWaMbweni

Mwanangu MamaBaraka, usihangaike na chokoleti. Nunua mayai ya kuku upike na watoto wayatie rangi, mie nimefanya na wanangu na sasa nafanya na wajukuu na hatujawahi kununua rangi ya dukani.

Tafuta mayai meupe meupe, ya kienyeji mengi yanakuwa hivo, yale ya kisasa ya kaki rangi haionekani vizuri. Tena yasiwe yametagwa leo, yai bichi sana likichemshwa halimenyeki, linaondoka na nyama yake. Halafu nenda sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe, muombe muuza vitunguu maji akupe yale maganda makavu yanayomwagika chini ya gunia, atakupa bure na atakushangaa. Jaza sufuria maganda, maji, kijiko cha siki, chemsha kama robo saa mpaka maji yawe mekundu ya kutisha. Ndo unatia mayai, yakianza kuchemka hesabu dakika kumi, zima, yaache humo humo yapoe. Yanatoka rangi ya matofali, mazuri mno. Ukitaka ya njano ni manjano tu, vijiko viwili vitatu vya unga wake kwenye maji ya moto na siki, ukiyaacha usiku kucha kwenye friji yanakolea zaidi. Na kama una mtu shamba akuletee zingefuri, mbegu zile wanazopakwa wageni midomoni kwenye mashamba ya viungo, ziponde na maji kidogo, huyo wa miaka 3 mpe apake kwa kidole. Rangi yake sio kali lakini yeye hatojali, ila mvalishe nguo ya zamani.

Sasa utamu wenyewe ni huu. Chukua jani dogo lenye umbo, la mronge au la mchicha mchanga au hata la giligilani, lilowanishe, libandike juu ya yai kabla ya kupika. Kata soksi ndefu ya nailoni ya zamani, livishe yai, vuta mpaka jani likae palepale, funga uzi nyuma. Pika kwenye maganda ya vitunguu. Likipoa fungua soksi, ng'oa jani taratibu, utakuta umbo la jani limebaki jeupe na mishipa yake yote kwenye yai jekundu. Wajukuu wangu wanagombania kufungua hiyo soksi kuliko kula yai.

Malizia kupaka mafuta ya kupikia kidogo na kitambaa, yang'are.

MzeeWaKwaya

Samahanini, mie nitasema kinyume. Haya mambo ya mayai na sungura wa Pasaka anayeyaleta ni ya kizungu, hayamo kwenye Injili hata mstari mmoja. Tunalalamika watoto hawajui maana ya Pasaka halafu tunawafundisha kutafuta mayai. Mtoto wa miaka 9 anaweza kukueleza sungura kaleta nini na hawezi kukwambia nani alifika kaburini mwanzo.

BibiWaMbweni

Mzee, sungura mwachie Mjerumani, huyo kweli ni wa kwao, ndo waliomchukua mpaka Marekani walipohamia huko. Lakini yai usilitupe na sungura. Wakristo wa Mashariki, Wagiriki na wengineo, wanapaka mayai mekundu Pasaka tangu zamani sana, wekundu ni damu ya Bwana na gamba ni kaburi, kifaranga anavotoka mule ndo hadithi yenyewe. Na huko Ulaya zamani Kwaresima nzima walikuwa hawali mayai wakati kuku haelewi mambo ya mfungo anaendelea kutaga, ikifika Pasaka yamejaa nyumba, wayafanyeje? Watoto nao wakajipatia.

Mie wajukuu wangu wanajua nani alifika kaburini mwanzo. Ni wanawake.

MzeeWaKwaya

Hapo Bibi umenipata 😄 ni Maria Magdalena, Yohana 20.

Basi na mie nisiwe wa kupinga tu. MamaBaraka, hiyo hiyo sura ya 20 ina kitu watoto wanakipenda na hakigharimu hata senti. Maria akishatoa habari, Petro na yule mwanafunzi mwingine wanatoka mbio kwenda kaburini, na Biblia inasema kabisa yule mwingine alimshinda Petro mbio akafika mwanzo, lakini hakuingia, Petro kafika nyuma yake ndo akaingia. Wewe una korido ndefu. Mkubwa awe Petro, wa kati awe yule mwingine, mdogo awe Maria anakuja kugonga mlango anapiga kelele "hayumo!". Shuka nyeupe ikunje uiweke pembeni mwisho wa korido, na kile kitambaa cha kichwa ukizongezonge ukiweke mbali peke yake, maana ndo ilivyoandikwa. Watataka kurudia mpaka majirani watoke, hivyo fanyeni mchana sio saa ya watu kulala.

Na Jumatatu baba yao akirudi, msimlishe pilau la jana. Soma Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha hawajapata kitu, alfajiri Yesu yupo ufukweni kawasha moto wa makaa, ana samaki juu yake na mkate, anawaambia njooni mfungue kinywa. Sisi watu wa pwani hii stori ni yetu kabisa, jamani! Washa jiko la mkaa hapo kibarazani ukiwa mwangalifu, choma samaki, nunua mikate ya boflo ya moto, huyo mkubwa asome kwa sauti wakati mnakula kwa mikono. Yesu alipowaambia watupe wavu upande wa kulia, samaki waliovuliwa walikuwa 153, imeandikwa idadi. Wape watoto makaratasi ya zamani wachore samaki wakate wabandike ukutani mpaka wafike 153. Hiyo kazi itakula mvua ya siku nzima nakuhakikishia.

mtoto_wa_Wete

Nyie watu wa mjini mnasahau vitendawili? Sisi huku Pemba tunafanya hivi na hauhitaji bustani. Unaficha yai la kwanza, mtoto anapewa kitendawili, jawabu lake ndo linamwambia aende wapi. Ukianza na "nyumba yangu haina mlango" wote wanapiga kelele yai!, haya, umewafungulia mchezo. Kisha "kuku wangu katagia miibani", nanasi, wanakimbilia jikoni, nyuma ya nanasi kuna yai na karatasi ya kitendawili kinachofata. "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni", njia, basi waende kwenye korido. Vyengine tunga mwenyewe, vya kitanda, vya ndoo ya maji, vya kiatu cha baba. Yule mdogo mpe yai lake peke yake mahala pa wazi la sivo atalia, wakubwa wataokota yote.

Na kikapu usinunue, suka pakacha dogo. Tafuta ukuti mmoja mbichi wa mnazi, chana uti wa kati upate nusu, katisha kipande kama shibiri mbili, zungusha uti uwe mdomo wa duara, halafu suka majani moja juu moja chini kuteremka, chini unayakusanya unayafunga fundo. Mtoto wa miaka 9 anaweza, akikosea linakuwa kipepeo cha kupepea moto. Kwa vile Jumapili ya Matawi watoto wanatoka kanisani na makuti yao, msiyatupe, yale mabichi mabichi ndo yanasukika, yakishakauka yanakatika.

Mayai yakiwa machache changanya na vipakti vya ubuyu, kashata, lawalawa, karanga. Watoto hawabagui.

BabaWaFuoni

Nyongeza ndogo kwa wenye uwanja. Sisi Fuoni tuna kiwanja kizuri tukaficha mayai nje chini ya mipera, kunguru wa hapa Unguja mnawajua? Walikuwa juu ya waya wanatuangalia tunavoficha. Watoto wakawa wanatafuta na kunguru wanatafuta, na kunguru wana akili kuliko watoto wa darasa la tatu. Wenye viwanja ficheni na mtu abaki kulinda, au fanyeni ndani kama MamaBaraka, kwa kweli fleti imekusaidia.

Tena yai lililochemshwa likikaa nje kwenye joto letu hili lisizidi saa moja kama mnataka kulila. Yale ya kufichwa kwa muda mrefu yawe ya kuchezea tu.

ummu_Salha

Assalamu alaykum na habari za mchana. Mie Muislamu lakini nimeona niingie kwa sababu jirani yangu wa mlango wa pili ni Mkristo na tuna miaka tunaishi. MamaBaraka, umesema wanao wamepita kuchukua mkono wa Idi na wenzao. Sasa na wao waache wapokee wageni Pasaka! Watoto wa jengo hawana ubaguzi wa skukuu, ukiwaita waje wabandike hao samaki watakuja wote na nyumba itachangamka kuliko unavodhani. Mwanao shida yake sio mayai, anaona skukuu ya mwenzake ina watu na yake haina.

Kwenye chakula ukitaka kutuma sahani kwa majirani, kuku mpe kijana wa Kiislamu akuchinjie, hilo tu, na kila mtu atakula kwa raha bila kuuliza. Jirani yangu anafanya hivo siku zote. Pasaka ya 2022, 2023 na 2024 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani na yeye sahani yake alikuwa anailetea magharibi, tunafuturu nayo. Na zile sahani za Idi zilizokuja kwako bibie usizirudishe tupu 😂

Tia vileja na mkate wa mayai, watoto wa Kizanzibari utawapata wote.

MamaBaraka_Michenzani

Jamani nimesoma yote mpaka mume kaniuliza nacheka nini. Bibi shikamoo na ahsante, maganda nimeshapata, yule kijana wa Darajani kanijazia mfuko mzima na kaniuliza kama nna mgonjwa. Mzee shikamoo na wewe, hiyo ya mbio kwenye korido nimeshaikubali. Ummu Salha umenigusa, kweli ni watu ndo wanakosekana.

Maswali mawili. Moja, mkubwa wangu ni wa kike na anataka kuchora yai kwa hina kama anavochorwa mkononi, inafaa? Pili, nnataka kitu cha kuanza wiki hii hii ili wakae wanasubiri, maana ukisema Pasaka inakuja bila kuona kitu wanasahau.

ummu_Salha

Hina ya majani ya kawaida inashika kwenye gamba, unachora na koni, unaacha ikauke kabisa halafu unakwangua inabaki kahawia. PIKO HAPANA, ile nyeusi ina dawa, isikaribie chakula wala mtoto. Na mie ningemfanyia kwenye gamba tupu sio yai la kula. Osha yai, toboa kwa sindano juu na chini, tundu la chini liwe kubwa kidogo, koroga ndani na sindano uvunje kiini, halafu puliza juu, vyote vinatokea chini kwenye bakuli. Suuza gamba, likauke. Akishachora mnapitisha uzi mnaning'iniza dirishani.

Hayo mayai yaliyotoka ndo mkate wa mayai wenyewe. Mayai sita, sukari kikombe, piga mpaka yaumuke yawe meupe mazito, hapo usimhurumie mkono, kisha chunga unga kikombe kimoja juu yake na hiliki, changanya kwa mwiko taratibu usiue mapovu. Tia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko. Wenye oveni mtumie oveni, wala sitowahukumu.

BibiWaMbweni

Marahaba mwanangu. Cha kuanza mapema ni bustani ya kaburi. Chukua sinia kuukuu, tia udongo, chukua kifuu cha nazi kilichokatwa nusu ukifukie kiinamie mdomo upande, ndo pango hilo. Tafuta jiwe la duara la kuziba mdomo. Vijiti vitatu vya misalaba juu ya kilima. Loweka choroko usiku mmoja, Jumapili ya Matawi watoto waimwage kwenye udongo wafunike kidogo, kila siku wanyunyize maji kwa mkono. Siku mbili tatu inachipua na ikifika Pasaka sinia lote ni kijani. Ijumaa Kuu jiwe linazibwa. Jumamosi usiku wakishalala wewe unakwenda kimya kimya unalisogeza jiwe, unaweka kitambaa kidogo cheupe ndani. Asubuhi usiseme kitu, waache waone wenyewe.

Huyo mdogo mlinde asile udongo.

mtoto_wa_Wete

Na mwezi! Pasaka ni Jumapili inayofata baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 mwezi wa tatu, ndo maana inaruka ruka, haipiti kabla ya 22 mwezi wa tatu wala baada ya 25 mwezi wa nne. Mwaka huu wa 2026 mwezi unajaa Alhamisi Kuu tarehe 2 mwezi wa nne. Waanze kuuangalia sasa hivi kila usiku mawingu yakiachia, wachore kwenye karatasi unavonenepa, ukishakuwa duara kamili wajue imebaki kidogo. Watoto wa Kiislamu wanatafuta mwezi wa Idi ukiwa mwembamba, wenu watafute ukiwa umejaa, kila mtu na mwezi wake.

Halafu hapo ni bamvua, Jumatatu mchana maji yanakupwa mbali. Mvua ikikata wapelekeni pwani wakaokote makombe ya baharini ya kupambia lile sinia, na viatu mguuni.

BabaWaFuoni

Kama Jumatatu mnatoka basi mpite na Mkunazini, kanisa la Anglikana, pale palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873. Msalaba wa mti wa kule Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone, upo ndani, na kuna nguzo zinasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alipokuwa safarini. Waambieni watoto wazitafute. Wangu walizunguka mule kama wapelelezi na bila kujua wamesikiliza historia yote.

MamaBaraka_Michenzani

Narudi Jumatatu usiku nikiwa hoi. Soksi imefanya kazi Bibi, jani la mronge limetoka na vijani vyake vidogo vyote. Jiwe la kaburi aliliona mdogo mwanzo saa kumi na mbili asubuhi akaja kunivuta nguo anasema "mama kumefunguka". Ummu Salha, watoto wa jengo walikuja wengi mpaka nikaishiwa karatasi, tukahamia kwenye maboksi ya sabuni. Mkate wa mayai ulipanda vizuri, haukufika jioni.

Baba yao kachoma samaki leo, mkubwa kasoma mpaka mwisho bila kukwama. Sasa Mzee kuna kesi hapa ukutani. Wa kati na rafiki zake wamechora pweza wengi na ngisi, mkubwa anasema pweza sio samaki hawahesabiwi, na bila hao hatufiki 153. Wamegoma kulala mpaka wewe uamue.

MzeeWaKwaya

Pweza ahesabiwe, kaingia kwenye wavu. Ngisi pia. Ila kesho wachore changu na jodari, hatuwezi kula pweza peke yake.